Sindano ya Nyavu na Kipimo Chake

Mji wa Bukavu umejengwa kusini mwa Ziwa Kivu, juu ya rasi zinazoingia majini. Hapo ndipo mto Ruzizi unapotoka ziwani kwenda Ziwa Tanganika. Usiku usio na mwezi, mtu akisimama mlimani huona taa nyingi mbali juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu hushushwa chini ya taa. Samaki huufuata mwanga, kisha wavu huinuliwa.

Tangu zamani Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache za samaki. Kina chake ni mita 485 hivi, lakini samaki hawawezi kukaa chini kabisa, maana maji ya huko hayana oksijeni, tena yamejaa gesi. Sambaza hawakuwamo. Waliletwa wakiwa wadogo sana kutoka Ziwa Tanganika, kati ya mwaka 1958 na 1960, wakazaana. Leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za Kivu.

Asubuhi taa huzimwa, lakini kazi ya mvuvi haijaisha. Wavu umekwama kwenye jiwe, ukapasuka. Mvuvi hukaa ufukoni akautengeneza, kama Yakobo na Yohane walivyokuwa wakifanya pamoja na baba yao siku ile Bwana Yesu alipowaita. Vyombo vyake ni viwili tu, navyo aweza kuvichonga mwenyewe kwa kisu.

Chombo cha kwanza ni sindano. Mvuvi huchukua kipande cha mwanzi mkavu, urefu wake shubiri moja, upana wake kama kidole. Lazima kiwe chembamba kuliko jicho la wavu, kisipite kwa shida. Ncha moja huchongwa iwe kali kidogo. Karibu na ncha hiyo hukata dirisha, na katikati ya dirisha huacha ulimi mwembamba. Mwisho wa pili hukatwa panda. Kisha husugua sindano yote kwa mchanga mpaka iwe laini, kwa maana mwanzi wenye miiba hukata uzi. Uzi huzungushwa kwenye ulimi, hushuka mpaka penye panda, sindano hugeuzwa, uzi hupanda tena upande wa pili na kuzunguka ulimi.

Chombo cha pili ni kipimo, yaani kibao bapa. Kila jicho la wavu hufuata upana wake. Kibao chenye upana wa sentimeta 3 hufanya upande wa jicho kuwa sentimeta 3, na jicho likivutwa huwa na urefu wa sentimeta 6.

Kusuka ni hivi. Uzi hupita mbele ya kipimo, huzunguka chini yake, hupanda nyuma. Sindano hupitishwa ndani ya jicho la juu, uzi huvutwa mpaka jicho liguse ukingo wa kipimo, na kidole gumba hushika hapo. Kisha uzi hutupwa juu kama kitanzi, sindano hupita nyuma ya nyuzi mbili za jicho na kutokea ndani ya kitanzi. Fundo hukazwa. Fundo hilo haliteleza.

Mzee mmoja wa kando ya ziwa alimfundisha mjukuu wake kazi hiyo. Kijana alikuwa mwepesi wa mikono. Jioni tatu zilipopita alikuwa amekwisha kusuka safu ishirini. Mzee aliushika wavu, akapitisha kidole. Hakikupita.

"Kipimo nilichokupa ki wapi?" akauliza.

"Babu, nimekipunguza kwa kisu. Macho yakiwa madogo, hakuna samaki atakayeponyoka."

Mzee hakumgombeza. Akasema, "Mjukuu wangu, kama mama yako akipika maharagwe yote, hata ya mbegu, mtapanda nini mvua ikinyesha?"

Kijana akanyamaza. Aliona huruma kwa kazi yake ya jioni tatu. Halafu akaketi, akafumua fundo moja moja, akaurudisha uzi kwenye sindano. Siku ya pili akachonga kipimo kipya, na babu yake akakipima kwa kile cha kwake.

Kwa sababu hiyo wavuvi wenye akili hawavui kwa chandarua. Macho yake ni madogo mno, hukamata hata vitoto vya samaki ambavyo havijazaa. Chandarua ni cha kitandani, kumzuia mbu. Ziwa halina ukuta wala mlinzi kila mahali; hulindwa na mkono wa yule anayesuka wavu akiwa peke yake.

Maswali
1. Sambaza walitoka ziwa gani, na miaka gani?
2. Kwa nini sindano husuguliwa kwa mchanga?
3. Kipimo cha sentimeta 2 hufanya jicho la urefu gani likivutwa?
4. Kwa nini kijana alifumua wavu wake?

Kazi ya mikono: Chonga sindano na kipimo, usuke safu tano. Mwenzako apime macho yako.