Pikapu katika Tope la Ipyana: Somo la Wenzo, Kanieneo na Springi

Uwanda wa Kyela, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, umejengwa na mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo imekuwa ikiteremsha udongo laini kutoka nyanda za juu za Rungwe kwa karne nyingi, na mvua zipitazo milimita 2,000 kwa mwaka huugeuza udongo huo kuwa tope zito, hasa kati ya Machi na Mei. Mahali kama Ipyana, mpunga na kakao haviwezi kufika barabara ya lami kabla ya kupita njia za mashambani. Ndiyo maana wenye pikapu hutamani kuyainua magari yao na kuyawekea winchi. Vifaa vya kununua ni ghali, na mafundi wamezoea kubuni vya kwao. Makala haya yatatazama sheria za fizikia zinazotawala kazi hiyo, kwa kuwa fundi asiyezijua anaweza kulidhuru gari, au mtu.

Hebu tuanze na kuinua. Watu wengi hudhani kwamba gari lililoinuliwa kwa springi halitakwama kwa urahisi. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Sehemu ya chini kabisa ya pikapu ni difu ya nyuma, nayo imefungwa kwenye ekseli, si kwenye bodi. Ukiweka kipande cha chuma cha sentimita 10 kati ya ekseli na springi, bodi na chasisi hupanda sentimita 10, lakini difu haipandi hata milimita moja. Kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo: kutoka tairi ya sentimita 70 hadi ya sentimita 76, difu hupanda sentimita 3. Na hapo spidomita huanza kudanganya. Ikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu 87.

Mafundi wengine hurefusha kile kiungo kinachoning'inia mwishoni mwa springi ya nyuma. Hapa springi yote ni wenzo: ncha moja ni egemeo, ncha nyingine inashushwa, na ekseli iko katikati. Kwa hiyo kiungo kikirefushwa kwa sentimita 10, gari hupanda 5 tu, na ekseli hupinda kidogo mahali pake hata kusumbua viungo vya propela.

Njia ya tatu, nayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni kuongeza bamba la chuma kutoka springi chakavu ya lori. Ugumu wa bamba hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bamba la milimita 10 si gumu kwa robo zaidi kuliko la milimita 8 lenye urefu na upana uleule, bali linakaribia kuwa na ugumu maradufu. Springi ya mabamba manne ya milimita 8 ikiongezewa moja la milimita 10, ugumu wake huongezeka kwa nusu. Pikapu ikiwa imejaa magunia, dereva atafurahi. Ikiwa tupu, itarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki. Afadhali bamba la unene uleule. Wala lisiunganishwe kwa kuchomelea, kwani chuma cha springi kimepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, na moto wa kuchomelea hukiharibu.

Sasa tupige hesabu ya kupinduka. Tuchukue pikapu yenye mita 1.4 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na yenye kitovu cha uzito, ikiwa na mzigo, mita 1.1 juu ya ardhi. Ikiegama ukingoni, itapinduka pale mstari wa wima kutoka kitovuni utakapotoka nje ya gurudumu la chini. Tanjenti ya pembe hiyo ni 0.7 ÷ 1.1, yaani nyuzi 32 na nusu. Iinue kwa sentimita 10, utabaki na nyuzi 30. Waongeze abiria sita juu ya magunia, kitovu kifike mita 1.3, utabaki na nyuzi 28. Tena hesabu hii inalihurumia gari, kwa sababu imedhani kwamba springi za upande wa chini hazibonyei na magunia hayasogei. Kwa maoni yangu, sentimita 5 zinatosha kabisa kwa gari la kubeba mazao na watu.

Fedha inayobaki itumike kwa mbao, mnyororo na koleo. Gari halizami kwa sababu ya uzito wake peke yake. Linazama kwa sababu ya kanieneo. Gurudumu linalobeba nyutoni 6,000, likiwa na upepo wa kilopaskali 250, hukanyaga takriban sentimita za mraba 240. Punguza upepo hadi 125, nalo litakanyaga karibu mara mbili. (Upepo urudishwe, hata kwa pampu ya baiskeli, kabla ya kwenda mbio kwenye lami, la sivyo tairi litachemka na kupasuka.) Vivyo hivyo kwa jeki. Kitako chake cha sentimita za mraba 100 huleta kilopaskali 600, na tope haliwezi kustahimili. Ukiiweka juu ya ubao mnene wa sentimita 30 kwa 60, kanieneo hushuka hadi 33, ambayo ni sawa na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Basi pale mtu asipozama, jeki nayo haitazama.

Ikibidi kuvuta, mnyororo na mti vinaweza kushinda winchi. Funga mnyororo wa mita 20 kutoka chasisi hadi shina la mwembe, ukazwe barabara. (Mgomba haufai, kwani hauna mti ndani yake.) Kisha watu wawili wauvute katikati kuelekea ubavuni kwa nyutoni 600. Ukisogea nusu mita, sini ya pembe kati ya mnyororo na mstari wake wa awali ni 0.05, na mvuto ndani ya mnyororo ni 600 ÷ (2 × 0.05), yaani nyutoni 6,000. Nguvu imezidishwa mara kumi bila kifaa chochote! Malipo yake ni umbali: katika nusu mita hiyo gari husogea sentimita 2.5 tu. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini 50 ÷ 2.5 ni 20, si 10. Jibu ni kwamba kumi ni kipimo cha mwisho wa mwendo. Mwanzoni, pembe ikiwa ndogo zaidi, nguvu huzidishwa zaidi, na wastani wake ni ishirini. Kila hatua, gurudumu lizuiwe kwa jiwe, mnyororo ukazwe upya.

Kamba ya nailoni haifai hapa, kwa kuwa hurefuka na kuzimeza zile sentimita 2.5. Kurefuka huko ndiko kunakoua. Nailoni ikivutika mita 1 kwa nyutoni 6,000 huhifadhi jouli zipatazo 3,000, sawa na jiwe la kilo 30 likianguka kutoka mita 10. Ikikatika, nishati hiyo yote hurudi pamoja na ndoano iliyofungwa nchani. Mnyororo huhifadhi kidogo, lakini nao huweza kukatika. Kwa hiyo wavutaji wasiushike wenyewe, bali wafunge katikati yake kamba ya pili ya mita 15 na kuvuta wakiwa mbali. Watazamaji, hasa watoto, wasikae karibu wala katika mstari wake.

Darasani, uzi wa mita 2 na mizani mbili za kuning'iniza, kama zile za kupimia nyama, zatosha. Mizani moja ifungwe nchani mwa uzi, ya pili ivute katikati kwa sentimita 5, 10, 15 na 20. Wanafunzi walinganishe vipimo na hesabu, kisha wabadilishe uzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, warudie, na waeleze mvuto umepungua kwa sababu gani.