Jogoo mkali akipoa ghafla

Kiangazi hiki swali ninaloulizwa kuliko yote ni la jogoo anayerukia watu uani. Juzi mama mmoja alinionyesha mguu wa mwanawe, alama mbili za kipi juu kidogo ya kifundo. "Bwana shamba, huyu jogoo ana ugonjwa gani? Zamani hakuwa hivi." Nikamuuliza ameanguliwa lini. Mwezi wa pili. Basi ana miezi sita, amebalehe, na anaona uwanja na mitetea yote ni mali yake. Anawika alfajiri, anakula, upanga wake mwekundu. Huyo ni mzima. Msimpige, maana fimbo kwake ni vita. Mtengeeni banda lake mbali na watoto, na akizidi auzwe angali na afya.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Jogoo mpole wa miaka miwili akianza kudonoa kila anayemgusa, huenda anaumwa mahali. Na yule mkali akianza kukupisha njia, usishangilie kwamba amepata adabu. Kuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, na jogoo mkali hakuna anayemsogelea, kwa hiyo wengi hugundua anaumwa siku ya kumzika.

Mchunguze usiku. Gizani kuku haoni vizuri, hata mkorofi hutulia. Nenda na tochi hafifu, mbane mabawa kwa mikono miwili, kisha mpakate. Anza na kidari: mfupa ukichoma kidole kama mgongo wa kisu, amekonda, hata kama manyoya yanamnenepesha. Upanga uliopauka unaashiria upungufu wa damu. Hapo fikiria minyoo au utitiri. Ukiwa na rangi ya zambarau, hali ni mbaya. Tazama macho yote mawili, kwani ndui ya kuku huweza kuziba jicho moja, na jogoo asiyeona upande mmoja hushtuka na kurusha kipi ovyo. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja utafute chawa. Halafu pangusa chini ya fito ya kulalia kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na madoa ya damu, utitiri wamejificha humo na kila usiku wanamnyonya.

Miguu usiiache. Wangu mwenyewe alikuwa akimrukia kila mtu, nami kwa wiki kadhaa nikamwita mkorofi tu. Nilipomshika usiku nikakuta chini ya unyayo gaga jeusi kama punje ya choroko, nyama kuizunguka imevimba na ina moto. Alikuwa akiruka kutoka fito ya juu na kutua kwenye mawe kila asubuhi. Nilimwita mtaalamu wa mifugo akamtibu, nami nikaishusha fito na kumwaga pumba za mbao chini. Bado naumia nikikumbuka muda niliomwacha na maumivu yale.

Mdondo, au kideri, ndio wa kuogopwa zaidi msimu huu. Ukiona jogoo amejikunyata, anahara kijani, anahema kwa mdomo wazi au shingo inapinda, mtenge saa hiyohiyo na umwite afisa mifugo wa kata. Hauna dawa. Kinga ni chanjo, na ile ya matone hutolewa tone moja katika jicho moja, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanje walio wazima, ugonjwa haujaingia bandani.

Anayeumwa usimchinje kwa haraka ili nyama isipotee, wala usimpeleke mnadani. Ugonjwa utasafiri naye hadi banda la jirani. Akifa, mfukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, na unawe kwa sabuni kabla hujawashika wengine.