Somo kwa Vyama vya Msingi: Kituo cha Utafiti wa Mimea na Bustani Mama ya Chama

Somo hili linahusu vituo vinavyoanzishwa kwa msaada wa Serikali ili kuendeleza elimu ya viumbe hai na kuigeuza iwe mbegu, miche na bidhaa zenye faida kwa mkulima. Katika Mkoa wa Kagera vituo vya namna hiyo vipo Maruku, karibu na Bukoba. Kimoja ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, ambacho kazi yake kubwa ni migomba. Kingine ni tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yaani TaCRI. Mwanachama wa Ngara au Biharamulo huvisikia kwa mbali, na mara nyingi hudhani kwamba mambo ya maabara hayamhusu, mpaka siku mgomba wake unaponyauka. Makusudi ya somo ni kuonyesha sehemu ya kazi ya kituo ambayo hakuna awezaye kuifanya isipokuwa chama cha msingi.

Inafaa kuanza na kahawa, kwa kuwa mfano wake uko wazi. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko fuzari ulithibitishwa katika mibuni ya Robusta mkoani Kagera. Ugonjwa huo huletwa na kuvu anayeziba njia za maji ndani ya shina. Majani hukauka, na mbuni hufa ukiwa umesimama. Hakuna dawa ya kuuponya. Mkulima aliyeshikwa na ugonjwa huo alibaki na njia moja tu, kung'oa na kuchoma. Watafiti nao walibaki na njia moja, kutafuta mibuni ambayo kwa asili yake haishikwi, kuijaribu mwaka hata mwaka, na kuizalisha. Aina nne zenye ukinzani ziliidhinishwa mwaka 2011, nazo ni Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Msomaji ahesabu: kutoka 1997 hadi 2011 ni miaka 14. Mbuni hauharakishwi kwa amri ya mkutano, na bajeti ya mwaka mmoja haizai aina mpya ya kahawa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuihitaji Serikali katika kazi hii. Mfanyabiashara hawezi kungoja muda wote huo bila kuuza kitu, na chama kimoja cha msingi hakina uwezo wa kumlipa mtaalamu kwa muda huo.

Lakini aina kuidhinishwa ni jambo moja, na miche kumfikia mwanachama ni jambo jingine, na hapa ndipo makatibu wanapopaswa kuelewa tabia ya mmea wenyewe. Robusta haijichavushi, ua la mbuni mmoja hupata chavua kutoka mbuni mwingine wa aina tofauti. Kwa hiyo punje iliyochumwa kwenye mbuni wenye ukinzani, ikipandwa, huweza kuzaa mche usio na ukinzani huo. Njia ya hakika ni kuzalisha miche kwa vikonyo, yaani vipande vya machipukizi vilivyokatwa kutoka kwenye mbuni mama. Vipande hivyo hukatwa kwenye machipukizi yanayosimama wima, kwa maana tawi la pembeni huzaa mbuni unaotambaa. Hufunikwa katika kitalu chenye unyevu mpaka vitoe mizizi, kisha huzoeshwa jua pole pole.

Kuna jambo la pili litokanalo na tabia hiyo hiyo. Katibu anayeagiza miche ya aina moja pekee, kwa kuwa amesikia kwamba ndiyo inayozaa sana, huwaharibia wanachama wake. Shamba lililojaa mibuni ya aina moja ya vikonyo hukosa chavua inayofaa, na buni hupungua. Aina hizo hupandwa kwa kuchanganywa. Kosa la namna hii halitokani na uvivu wa mkulima wala uhaba wa mvua. Linatoka kwenye karatasi ya kuagizia miche, na litaonekana baada ya miaka, wakati miche imekwisha kulipiwa.

Kwa kuwa kila mbuni mama hutoa vikonyo vichache kwa wakati mmoja, kituo kimoja hakiwezi kuutosheleza mkoa mzima. Kutoka Maruku hadi Ngara ni mamia ya kilometa, na mche uliosafirishwa juu ya lori katika jua huwa umekwisha choka kabla haujafika Rulenge au Kabanga. Dawa yake ni bustani mama: eneo dogo lenye maji ya uhakika, lililopandwa mibuni mama iliyotolewa na kituo, chini ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Bustani ya namna hiyo ikiwa ya chama, kituo hubaki na kazi ya kuleta aina safi na kukagua, nacho chama huzalisha na kugawa.

Swali la nani analipa halina budi kujibiwa bila kuona haya. TaCRI ilianza kazi mwaka 2001, ikaupokea utafiti wa kahawa uliokuwa mikononi mwa Serikali, pamoja na kituo cha Lyamungu mkoani Kilimanjaro kilichoanza katika miaka ya 1930. Iliundwa kama chombo cha wadau: wakulima wamo katika uongozi wake, na gharama ziligawanywa kati ya Serikali, wafadhili wa Ulaya na tozo ya kahawa yenyewe. Mkulima anayekatwa tozo amekwisha lipa sehemu yake. Kwa hiyo chama kinapouliza habari za miche hakiombi sadaka, na barua ya katibu iandikwe kwa lugha inayolingana na haki hiyo.

Katika migomba mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo wa Kagera uliosaidiwa na Ubelgiji ulileta aina mpya za migomba kutoka hazina ya kimataifa iliyoko Leuven. Miche ilikuzwa kwa tishu: ncha ndogo ya chipukizi hukatwa, hulelewa ndani ya chupa kwa chakula maalumu, nayo huzaa miche mingi isiyo na minyoo wala fukusi. Baadaye wakulima walipeana machipukizi, na aina hizo zikaenea mbali kuliko magari ya mradi yangeweza kwenda. Yafaa kusema pia kwamba baadhi yake, hasa zile za FHIA, hazikupendwa chunguni. Walaji wa ndizi za kupika waliziacha ziwe za juisi, za pombe au za kuiva. Aina za TARIBAN, zilizotolewa na TARI mwaka 2021, zilitokana na uzao uliofanywa Uganda kwa kuzingatia ndizi za kupika.

Njia ile ile ya kupeana machipukizi, iliyoeneza heri, huweza pia kueneza maafa. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeripotiwa Kagera. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lisilosafishwa, na chipukizi lililotoka shamba lenye ugonjwa. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, nazo zimepigana na ugonjwa huo huo. Biharamulo ina njia panda ya Nyakanazi, ambako mikungu ya sehemu nyingi hukutana. Mkulima huondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga hupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya kusafishia kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina lenye ugonjwa hukatwa mara tu linapoonekana. Mambo haya hayahitaji maabara, lakini yanahitaji jirani wote wayafanye pamoja, na hiyo ni kazi ya chama zaidi kuliko ya mtafiti.

Serikali ya Uganda iliingia mbali zaidi. Mwaka 2005 ilianzisha mpango wake wa viwanda vya ndizi, wenye kituo Nyaruzinga wilayani Bushenyi, kinachosaga unga wa ndizi unaojulikana kwa jina la Tooke. Mpango huo umetegemea fungu la Serikali kwa miaka mingi. Wanachama wanaotamani kiwanda cha unga Ngara au Biharamulo wana haki ya kutamani, ila mashine hula ndizi kila siku, na mwaka wa mnyauko haina huruma. Bustani yenye miche safi hutangulia kiwanda.

Kwa gharama, chama kinachoanza hakihitaji zaidi ya robo eka, chanzo cha maji, kivuli, uzio na mlinzi anayejua kuandika kumbukumbu za kila kikonyo kilikotoka. Fungu la kazi hiyo liingizwe katika makisio yanayopelekwa mkutano mkuu wa mwaka, na bei ya mche ipangwe ili iweze kulipa malezi yake. Miche ya bure huonekana kuwa jambo jema mpaka mwaka wa pili, wakati hakuna fedha za kununua hata mifuko ya kitalu.

Kikundi cha mafunzo katika kila chama kinaombwa kujadili maswali yafuatayo na kuandika majibu katika daftari la kumbukumbu. Ni wanachama wangapi waliong'oa mibuni au migomba kwa sababu ya mnyauko, na walipanda nini badala yake? Machipukizi wanayopanda sasa yametoka shamba la nani? Je, chama kina ardhi yenye maji ya kiangazi, na ikiwa haipo, ni chama gani cha jirani kinachoweza kushirikiana nacho? Majibu hayo, yakiwa na idadi, ndiyo yaambatanishwe na barua ya kwenda Maruku.