Ndege yenye Madoa ya Twiga

Mtoto wa Bweri akisikia ngurumo ya ndege juu ya ziwa hutoka mbio nje, huweka kiganja juu ya macho, na kutazama mpaka ndege imtoweke. Hilo si ajabu, hata wazee hufanya hivyo. Lakini atazamaye namna hiyo huona umbo tu. Katika somo hili tutaitazama ndege moja ya zamani polepole, kwanza kama fundi aitazamavyo, kisha kama mpiga picha.

Katika mwaka 1933 Bwana Martin Johnson na mkewe, Bibi Osa, watu wa Marekani, walileta ndege mbili Afrika. Hawakuwa wageni kabisa, maana tangu 1924 hata 1927 walikaa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa dogo lililo mlimani, wakipiga picha za tembo na wanyama wengine. Safari hii walitaka kuwapiga picha kutoka angani. Ndege zao zilitengenezwa katika kiwanda cha Igor Sikorsky, mtu aliyezaliwa Kiev akahamia Marekani mwaka 1919. Zilipakiwa melini mpaka Cape Town, zikaruka kutoka huko kuja kaskazini hata Nairobi.

Ile kubwa ilikuwa na injini mbili, nayo ilipakwa mistari ya punda milia. Jina lake Osa's Ark, yaani Safina ya Osa. Ile ndogo ilikuwa na injini moja tu, ikapakwa madoa ya twiga, ikaitwa Spirit of Africa, yaani Roho ya Afrika. Bwana na Bibi Johnson walijifunza kurusha ndege mwaka 1932, lakini hawakujitegemea kwa ujuzi wa muda mfupi hivyo; walichukua marubani wenye uzoefu, Boris Sergievsky na Vern Carstens. Walifanya vema.

Ndege zote mbili ziliweza kushuka majini na nchi kavu. Tumbo lake lilikuwa kama mtumbwi, na magurudumu yaliweza kuinuliwa zitakapo kutua majini. Mtu wa Musoma aelewa upesi faida ya chombo cha namna hiyo, kwa kuwa penye ziwa hapana haja ya kufyeka kiwanja. Nasi tulio pwani ya ziwa tulikuwa tumekwisha kupitiwa na ndege za maji kabla ya hapo. Mnamo Machi 1931 barua zilizotoka London zilifika Mwanza kwa njia ya Kisumu, zikichukuliwa na ndege kubwa ya maji yenye injini tatu. Piga mstari ulionyooka katika ramani toka Kisumu mpaka Mwanza, utaona kwamba wapita majini karibu na Musoma.

Sasa tutazame injini, maana uzuri wa ndege hii umo humo. Injini ya motokaa huwa na silinda zilizopangwa mstari mmoja, kama watoto katika foleni. Injini ya ndege yenye madoa ya twiga ilikuwa na silinda tisa, zimepangwa kwa duara. Fikiri gurudumu la baisikeli. Katikati pana kitovu, na spoki zatoka kitovuni kwenda pande zote. Silinda ndizo spoki, na kitovuni mna mhimili unaozungusha rafadha, yaani lile panga la mbele livutalo ndege. Nguvu ya injini ile ilihesabiwa kuwa nguvu za farasi 300.

Kila silinda ina mapezi membamba mengi kwa nje, kama mapezi ya samaki. Kazi yake ni kupoza. Upepo wa safari hupita katikati ya mapezi hayo na kuchukua joto. Kwa hiyo injini ya namna hii haina rejeta wala maji ya kuchemka, wala mpira wa maji wa kupasuka. Mahali ambapo fundi yu mbali kwa mwendo wa siku nyingi, kila kitu kisichokuwapo ni kitu kisichoweza kuharibika. Tena silinda zote ziko wazi mbele ya macho, na spana huzifikia kwa urahisi. Lakini ina tabia yake mbaya. Ikisimama usiku kucha, oili hushuka na kujaa katika silinda za chini. Rubani mwenye haraka akiiwasha hivyo hivyo aweza kuivunja. Sharti kwanza rafadha izungushwe kwa mkono, polepole, asubuhi na mapema. Ndipo injini huwashwa, ikakohoa, ikatoa moshi mwingi, kisha ikatulia.

Kwa ndege hizo waliruka juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, wakashuka Ziwa Turkana, wakafika mbuga ya Serengeti, ambayo ncha yake ya magharibi yakaribia ziwa letu upande wa Bunda. Yasemekana walisafiri maili 60,000 hivi. Filamu waliyoitengeneza, Baboona, ilionyeshwa mwaka 1935. Wako wasemao kwamba wao ndio wa kwanza kuupiga picha Kilimanjaro toka angani. Hilo si kweli. Walter Mittelholzer, rubani wa Uswisi, aliupiga mwaka 1930.

Na wewe ukitaka kupiga picha ya ndege kama hiyo, jua liwe nyuma ya mgongo wako, asubuhi au alasiri, maana jua la saa sita hufanya kivuli cheusi chini ya bawa. Kama injini inazunguka, fanya hesabu kwanza. Rafadha ikizunguka mara 2,000 kwa dakika moja, huzunguka mara 33 na zaidi kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, rafadha husogea digrii 12 tu, na katika picha itaonekana kama imesimama, na ndege kama imekufa. Ikifunguka kwa sehemu ya sitini, husogea digrii 200, nayo itaonekana kama sahani ya ukungu. Picha hii ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Wala usisogee mbele ili upate picha nzuri: rafadha izungukayo haionekani, nayo huua.

Ukimaliza, andika nyuma ya picha tarehe, mahali, na majina ya watu wote waliomo. Katika picha nyingi za safari za zamani wamo Waafrika waliobeba petroli na kufyeka majani, wamesimama karibu na bawa. Na chini yake limeandikwa jina la ndege, majina yao hayamo. Wajukuu wao wakiiona picha hawatawatambua.

Martin Johnson alirudi kwao salama mwaka 1934. Mwezi wa Januari 1937 alikuwa abiria katika ndege ya watu wote, huko California. Ikagonga mlima, naye akafa. Bibi Osa aliumia lakini akapona, akaishi hata 1953. Mjini kwake, Chanute, iko nyumba ya makumbusho yenye picha zao.

Zoezi. Katika injini hii kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, nazo huwaka kwa kuruka moja: ya kwanza, ya tatu, ya tano, na kuendelea. Simameni watoto tisa kwa duara, kila mmoja na namba yake. Wa kwanza apige kofi, wa pili anyamaze, wa tatu apige, mkizunguka bila kusimama mara mbili. Kisha mtoto mmoja aondoke, mfanye vilevile mkiwa wanane. Andikeni ni nani hakupata zamu ya kupiga kofi.