Kukata bima ya gari ulilolibadilisha: mwongozo kwa dereva kijana

Bima ndogo ya gari binafsi Tanzania Bara ni shilingi 118,000 kwa mwaka. Laki moja ni ada yenyewe, 18,000 ni VAT. Bei hiyo haiulizi una miaka mingapi, leseni umeipata lini, wala ekzosi ya gari lako inanguruma kiasi gani. Mzee wa miaka 60 mwenye Corolla isiyoguswa na kijana wa miaka 22 mwenye Altezza iliyoshushwa wanalipa sawasawa. Kwa hiyo mtu anayekuahidi stika ya 60,000 au 70,000 hana punguzo lolote la kukupa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka kiwango cha chini, na kampuni halali hairuhusiwi kushuka chini yake. Huyo ni kishoka. Siku ukimgonga mtu, utagundua kwamba ulikuwa unaendesha bila bima muda wote huo.

Kumkwepa ni rahisi. Ukishalipa, ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS, andika namba ya gari lako, uone jina la kampuni, aina ya bima na tarehe inayoisha. Fanya hivyo kabla hujaondoka mbele ya wakala. Taarifa zisipoonekana, dai fedha zako palepale.

Tofauti ya bei, na hatari ya kupoteza fedha nyingi, iko kwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe. Huko ndiko kijana aliyebadilisha injini, akafunga rimu za inchi 18 na muziki wa mamilioni, anakokuwa na mengi ya kupanga, na ndiko wengi wanakodanganya kwa kuogopa kupandishiwa bei. Wanaogopa kitu kidogo, wanajiweka kwenye hatari kubwa. Tuangalie kwa hesabu.

Ukweli unagharimu kiasi gani

Kiwango kilichozoeleka cha bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT ya asilimia 18. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi milioni 12. Ada ni 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Sasa tuseme umelifungia vitu vya milioni 3: rimu, taa, muziki, viti. Ukivitaja vyote, thamani inakuwa milioni 15, ada 525,000, VAT 94,500, jumla 619,500. Tofauti ni 123,900 kwa mwaka, yaani shilingi 10,000 na ushee kwa mwezi. Kampuni inaweza kuongeza kidogo ikiwa mabadiliko yenyewe yanalifanya gari kuwa na kasi zaidi, lakini huo ndio ukubwa wa gharama inayowafanya watu wafiche.

Upande wa pili ni huu. Mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema: unayekata bima unatakiwa kueleza kila jambo muhimu ambalo lingeifanya kampuni ikubali, ikatae au ibadilishe bei. Ukificha injini iliyobadilishwa, kampuni ina msingi wa kukataa dai lote, si sehemu ya injini tu. Umeokoa laki na ushee, umepoteza milioni 12. Hata pale ambapo haikatai, kuna mikataba yenye kipengele cha kupunguza fidia kwa aliyetaja thamani pungufu. Gari la milioni 15 lililokatiwa bima ya milioni 12 limefunikwa kwa asilimia 80. Ukipata hasara ya milioni 5, unalipwa milioni 4, na bado kuna makato mengine. Nitayaeleza hapo chini.

Mtu wa bima ndogo naye asidhani hayamhusu. Bima hiyo, inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumuua, na kwa mikataba ya kawaida mali zake hadi kikomo kilichoandikwa. Gari lako hailigusi. Na ikibainika ulidanganya, kampuni inaweza kumlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe uirudishie.

Nini hasa kitajwe

Vijana wengi wakisikia mabadiliko wanafikiria turbo. Kampuni inaangalia mapana zaidi. Kuna yale yanayoongeza nguvu: kuitoa injini ya 1G kwenye Mark II na kuweka ya 1JZ, kufunga turbo, kubadilisha programu ya injini. Haya ndiyo mazito, na ndiyo yanayoweza kufanya kampuni fulani ikukatae kabisa. Kuna yanayobadilisha namna gari linavyosimama na kushika barabara: kukata springi, kufunga spesa ili kuinua IST isiburuze kwenye barabara za vumbi, rimu na matairi ya kipimo tofauti. Springi zilizokatwa kwa grainda zinastahili neno la ziada. Hazikai sawasawa kwenye kiti chake gari linaporuka, na mkaguzi yeyote wa ajali anazitambua kwa kuzitazama tu. Unayetaka kushusha gari, nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo, utunze risiti. Ni ghali zaidi, lakini ni salama zaidi kwako na kwa aliyeketi pembeni yako, na kampuni ya bima inaweza kuzikubali.

Halafu kuna mfumo wa gesi. Dar es Salaam magari mengi yamefungwa mitungi ya gesi asilia ili kukwepa bei ya petroli, na wenye magari hawayaoni hayo kuwa ni mabadiliko. Ni mabadiliko makubwa: umeongeza mtungi wenye mgandamizo mkubwa ndani ya buti. Fungia kwenye karakana inayotambulika, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), chukua cheti cha ufungaji na nakala yake uipeleke kwenye kampuni ya bima. Gari likiungua bila cheti hicho, mjadala wa fidia utakuwa mgumu sana kwako.

Vitu vya kuvutia macho, kama muziki, rimu na taa, vina tatizo lao: wezi. Mikataba mingi hailipi saiti mira, redio au rimu zilizoibwa peke yake gari likiwa limebaki, isipokuwa kama vimeorodheshwa na kulipiwa. Andika orodha ya kila kifaa na bei yake, ambatisha risiti za EFD na picha. Anayenunua spea mtaani bila risiti ajue kwamba thamani hiyo hataweza kuithibitisha.

Maelezo yenyewe hayahitaji ufundi. Kwenye fomu ya maombi, au kwa barua inayoambatana nayo, unaandika hivi: gari ni Toyota Altezza ya 2001, springi fupi zimefungwa mwaka jana, rimu inchi 17, ekzosi si ya kiwandani, injini ni ileile iliyo kwenye kadi, dereva mkuu ni mimi, miaka 23, leseni daraja D, nimeipata miaka miwili iliyopita. Tuma kwa barua pepe pia, ili tarehe ibaki kwenye kumbukumbu. Kumweleza wakala kwa mdomo hakutoshi. Kesho atakuwa amehamia kampuni nyingine na neno lake halitakuwa na shahidi.

Ujana unalipiwa wapi

Nchi kama Uingereza, umri wa dereva hupandisha ada waziwazi. Kwetu, mara nyingi ada haibadiliki. Umri unajitokeza siku ya ajali. Kwa kawaida mkataba wa bima kubwa una eksesi, yaani kiasi unachochangia mwenyewe kabla kampuni haijalipa, na mingi ina eksesi ya nyongeza kwa dereva mwenye umri chini ya miaka 21 au 25, au mwenye leseni changa. Kipengele hiki kimefichika katikati ya karatasi na hakisomwi mpaka gari liko gereji.

Kampuni zikiwa zinatoza ada zinazokaribiana, eksesi ndiyo inayotofautisha bima nafuu na bima ghali kwa kijana. Tuseme kampuni ya kwanza ina eksesi ya asilimia 10 kwa madereva wote, na ya pili ina asilimia 5 lakini inaongeza asilimia 15 kwa walio chini ya miaka 25. Mtu wa miaka 40 atachagua ya pili na atakuwa sahihi. Wewe wa miaka 23, kwa matengenezo ya milioni 4, ya kwanza inakutoza 400,000 na ya pili 800,000. Kabla hujalipa popote, uliza kwa maneno haya: mimi nikiwa naendesha mwenyewe, kwa umri wangu na leseni yangu, gari likipata hasara ya milioni 4 nitachangia shilingi ngapi? Jibu liwe kwa maandishi.

Njia halali za kupunguza gharama zipo. Kukaa mwaka bila kudai huleta punguzo unapokata tena, na punguzo hilo linakua. Uliza kampuni ni asilimia ngapi na kama linahamishika ukibadilisha kampuni. Ndiyo maana haifai kudai kila mkwaruzo: bampa la 350,000 lenye eksesi ya 300,000 linakupa 50,000 na kukufutia punguzo. Kifaa cha kufuatilia gari kwa GPS, hasa kwa gari linalovutia wezi, kinaweza kushusha eksesi ya wizi. Na ikiwa bado hujalifanyia gari chochote, kata bima kubwa kwanza, jenga rekodi ya mwaka mmoja au miwili, kisha badilisha kidogo kidogo ukitoa taarifa kila hatua. Taarifa haitolewi wakati wa kukata tu. Ukifunga kitu kipya mwezi wa tano, kampuni ijue mwezi huohuo.

Wapo watakaokutwa na kikwazo kingine kabla ya hayo yote: umri wa gari. Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, Mark II za GX110 kati ya 2000 na 2004, na kampuni nyingi zina ukomo wa miaka kwa gari la kupewa bima kubwa. Ukikataliwa, usipunguze mwaka wa gari kwenye fomu, kwa sababu kadi inaonyesha. Omba bima ya kati, inayojumuisha bima ndogo pamoja na moto na wizi. Ni nafuu kuliko bima kubwa, na kwa gari ambalo hofu yako kuu ni kuibiwa, inaweza kukutosha.

Mambo matatu yaliyo nje ya injini huangusha madai ya vijana wengi kuliko turbo. La kwanza ni kadi yenye jina la mtu mwingine. Gari umenunua mkononi, hujahamisha umiliki, umekata bima kwa jina lako. Kampuni itauliza wewe na gari hili mna uhusiano gani kisheria. Hamisha umiliki TRA kabla ya kukata bima. La pili ni namba ya injini isiyolingana na kadi. Gari lililobadilishwa injini linahitaji ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani na kadi kurekebishwa TRA, ukiwa na risiti ya injini hiyo. Usipofanya hivyo, siku ya ajali mkaguzi ataandika namba tofauti, na badala ya kuzungumzia fidia utakuwa unaeleza injini umeitoa wapi.

La tatu ni matumizi. Vijana wengi wa mjini wana IST ya bima binafsi wanayoifanyia kazi ya Bolt jioni na mwisho wa wiki ili kulipia hizohizo rimu. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini bima ya gari binafsi haifuniki kubeba abiria kwa malipo, na abiria akiumia, mzigo utakuwa wako. Kata bima ya gari la biashara. Ada yake ni kubwa zaidi, basi iingize kwenye hesabu ya nauli zako kama unavyoingiza mafuta.

Kwa gari lililobadilishwa sana, nenda kwa broka badala ya wakala. Wakala anaiwakilisha kampuni. Broka anakuwakilisha wewe, anapeleka maelezo yako kwenye kampuni kadhaa, na kamisheni yake inalipwa na kampuni. Hakikisha amesajiliwa na TIRA. Anajua ni kampuni gani inakubali 1JZ na ipi itakuzungusha wiki tatu kisha ikukatae.

Ajali ikitokea, piga picha, ita polisi, toa taarifa kwa kampuni mapema, na usiruhusu fundi afungue kitu kabla ya ukaguzi. Dai likikataliwa wakati ulieleza kila kitu, omba sababu kwa maandishi na uwasilishe malalamiko kwenye kampuni yenyewe kwanza. Usiporidhika, peleka barua zako na za kampuni, orodha ya vifaa na risiti kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Mlalamikaji hatozwi chochote pale, na hahitaji wakili.