Kinanda kiko chini ya kitanda, udi una fundo

Bibi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi Muscat na familia yangu. Nina mdogo wangu wa kiume Unguja, kitinda mimba wetu. Tangu utoto anapiga udi, na anatunga pia. Wazee walikuwa wakisema kijana huyu atafika mbali, lakini mimi naona amelala. Mchana yumo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni hoi. Wifi yangu ananiambia udi anaugusa saa sita za usiku watoto wakishalala, tena kwa kunyatia, kwa sababu wana vyumba viwili tu. Mazoezi ya klabu ya muziki haendi tena. Kila nikimuuliza ananiambia atarudi, harudi.

Mwaka juzi nilimnunulia kinanda cha umeme, kikubwa, chenye midundo yote, maana harusi za siku hizi zinataka kinanda na kinalipa. Alinishukuru sana. Nilipokwenda msibani mwaka jana nikakikuta chini ya kitanda, hata nailoni hakijatolewa. Bibi, niliumia. Na bado anapiga udi wake ule ule wa zamani, uzi mmoja umeungwa kwa fundo, risha ya kupigia ameikata kwenye chupa ya plastiki! Nikaona haya kwa niaba yake.

Idi hii nakuja, inshaallah. Nataka nimletee kitu kitakachomwamsha. Nimeona udi mmoja una nakshi za chaza kila mahali, bei yake kubwa ila nitajinyima. Mume wangu anasema bora nimpe fedha. Shoga yangu anasema simu nzuri, ajirekodi ajulikane. Pa kuweka si tatizo, hata akikosa kwake, chumba changu nyumbani kwa marehemu mama nimekifunga, mna masanduku yangu tu. Nimpe nini?

Dada Mkubwa, Muscat

*

Mwanangu,

Swali umeuliza wewe, na majibu yake umeyatia humo humo kwenye barua bila kukusudia: uzi wenye fundo, risha ya chupa, saa sita za usiku, chumba kilichofungwa. Nitayapitia. Ila tuanze na kinanda, maana ndicho kinachokuuma.

Zawadi ni kama kanga, ina jina lake, na anayepewa atalisoma hata kama mtoaji hakulitazama dukani. Kinanda chako kilikuwa na jina, na jina lake ni "Acha udi, tafuta pesa." Najua hukukusudia hivyo. Lakini mdogo wako alilisoma, akashukuru kwa adabu aliyolelewa nayo, akakihifadhi. Tazama hiyo nailoni kwa jicho jingine: asiyejali angekwisha kukiuza, au watoto wangekwisha kukivunja vitufe. Yeye amekitunza kikiwa kipya kwa heshima yako, na kila akiinama kutafuta viatu anakiona.

Tena kuna sababu ya kiufundi. Shingo ya udi ni tupu, haina vituo kama vya gitaa. Kidole cha mpigaji ndicho kinachoitafuta sauti, na kinaweza kusimama popote, hata pale katikati ya sauti mbili ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Nusu ya utamu wa maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, umo humo. Mtu aliyezoesha sikio lake hivyo tangu utoto, ukimkalisha mbele ya kinanda atasikia kilichokosekana kabla hajasikia kilichopo. Si kiburi.

Na hilo neno lako la kumwamsha, liweke kando. Anayeshinda akibeba mifuko ya saruji, kisha saa sita za usiku akanyata kuchukua udi wake, hajalala hata kidogo. Aliyelala ni yule ambaye udi umetundikwa ukutani na vumbi limeshika. Huyu wako ana njaa ya vitu viwili tu, vifaa vinavyokwisha na saa za kupiga, na vyote viwili unao uwezo wa kumpa.

Sasa udi wa nakshi. Usinunue. Chaza hailii, mwanangu. Maudi mengi yaliyorembwa kila mahali yametengenezwa yatazamwe, na fundi aliyetumia siku zake kwenye mapambo si lazima awe ameutumia muda huo huo kwenye uso wa udi, ule ubao mwembamba wa mbele ambao ndio unaotoa sauti. Chombo cha namna hii huchaguliwa na mkono wa mwenyewe. Anaupakata, anausikia kifuani, anapima unene wa shingo kwa kiganja, anapiga uzi wa chini na kusikiliza unachukua muda gani kufa. Wewe huwezi kumfanyia hayo, kama ambavyo hangeweza kukuchagulia miwani. Halafu kuna hewa. Udi uliokaa dukani kwenye kiyoyozi, ukaletwa ghafla kwenye unyevu wa Unguja, mbao zake hunyonya maji na kuvimba, gundi ikaanza kulegea. Ule wake mkuukuu umekwisha kuizoea bahari. Wanajuana.

Mnunulie nyuzi. Najua utaguna: nisafiri kutoka Muscat na nyuzi? Ndiyo. Udi aghalabu una nyuzi 11, jozi tano na mmoja mnene unaokaa peke yake, na maudi mengine huwa na zaidi. Zile nyembamba ni nailoni tupu na zinavumilia. Zile nene zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha, na hizo ndizo zinazouawa na jasho la vidole na hewa ya chumvi. Kwanza hupoteza mng'aro, kisha zinageuka rangi pale vidole vinapokaa, kisha sauti inakuwa ya bubu, kama inatoka chini ya mto, na mwisho waya unafumuka. Mpigaji anayeishi karibu na pwani anazimaliza upesi. Ndipo zinapoingia zile hesabu za baba wa watoto: seti ya nyuzi au viatu vya skuli? Viatu vinashinda kila mwezi, na ni haki vishinde. Matokeo yake ni fundo uliloliona. Wewe uliona haya, mimi nimeona mtu anayeendelea kupiga kwa uzi uliokatika.

Kwa hiyo nunua seti tatu au nne. Moja ataitia siku hiyo hiyo, zilizobaki zikae kwenye kabati, na hizo za kabatini ndizo zitakazomfurahisha zaidi. Mtu mwenye akiba hupiga kwa mkono mwingine kabisa kuliko anayehofia kwamba akikaza kidogo tu utakatika na usiku umeisha. Ongeza risha za kweli, tano sita, laini na ngumu, zinauzwa pamoja na nyuzi na hazina uzito. Zamani zilikuwa unyoya wa tai, siku hizi ni plastiki. Usimcheke kwa ile ya chupa, wapigaji wakubwa nao hukata za kwao. Ila mtu akate kwa kupenda, si kwa kukosa. Fedha ikibaki, mpatie begi gumu la kubebea udi, na umlipe fundi aukague: kama daraja halijaanza kung'oka, kama vigingi havitelezi. Kwa bei ya nakshi zile utafanya yote haya na chenji itarudi.

Mume wako naye hajakosea. Kwetu mwanamuziki kupewa fedha si aibu. Kwenye taarabu watu huinuka vitini na noti mkononi wakaenda kumtuza mwimbaji mbele ya kadamnasi, na hakuna anayeuliza kwa nini hakuletewa ua. Shida ya fedha ya mkononi ni kwamba ikifika kwenye vyumba viwili vyenye watoto haitafika kwenye nyuzi. Itakuwa mchele, itakuwa ada, na yeye hatasema neno. Kama unataka kutoa fedha, mpe wifi yako ya mchele, mpe mdogo wako nyuzi. Msichanganye.

Simu ya kujirekodi, hapana. Haja ya yeye kujulikana ni yenu nyinyi. Yeye katika barua nzima hakuitaja popote.

Sasa chumba. Umekitaja kwa kupita, kana kwamba ni stoo. Mwanangu, ile ndiyo zawadi. Mtu mwenye chombo cha sauti hawezi kufanya kazi yake pembeni ya watoto waliolala. Mchoraji atachora kimya kimya, mshairi ataandika kwa taa ya simu, lakini udi wa kupiga kwa kunyatia si udi. Mkono wa kulia unajifunza woga, unagusa tu, haupigi, na baada ya muda hata akipata nafasi ya kupiga kwa nguvu haujui tena. Pengine hata mazoezini haendi kwa sababu hiyo, anaona wenzake watamsikia alivyopungua. Sina hakika, ila sitashangaa.

Chukua masanduku yako, yapange upande mmoja au uyagawe (nguo za miaka hiyo hazikukai tena, tuambiane ukweli). Kifagie chumba, tia kiti kisichokuwa na mikono, kwa sababu udi hupakatwa, na feni isiyopiga kelele. Mpe ufunguo awe nao yeye, asiwe akiuomba kwa jirani. Kama nyumba bado ni ya urithi haijagawiwa, zungumzeni ndugu wote kwanza, isije zawadi ikaleta kesi. Kisha kaa na wifi yako, mkubaliane jioni mbili kwa wiki ambazo mumewe akitoka dukani hapiti nyumbani, anapitia huko. Huyo dada ndiye anayebeba gharama ya jioni hizo, kwa hiyo naye asitoke mikono mitupu. Gharamia msichana wa kumsaidia, au mchukulie watoto siku zote utakazokuwepo.

Wazanzibari tuna mfano wetu wa zawadi ya namna hii. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, Sultani aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri mtu aliyeitwa Mohammed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi. Angeweza kumnunulia kanuni ya dhahabu akamwacha hapa hapa. Alimpa safari na muda wa kujifunza, na aliporudi akawafundisha wenzake. Mwaka 1905 ikaanzishwa klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa, na klabu hiyo bado ipo. Wewe huna hazina ya Sultani, lakini jioni mbili na chumba unazo. Na kama siku moja ukitaka kufanya zaidi, muulize kama angependa kulipiwa masomo kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapo hapo Unguja, kilichoanza mwaka 2002 na kinachofundisha udi, kanuni na fidla. Muulize, usimwandikishe.

Wengine mnaosoma hapa mna wachoraji na waandishi majumbani, na najua mtaniandikia, kwa hiyo nawajibu kabisa. Mwandishi msimpe daftari la ngozi lenye kamba ya hariri, ataogopa kulichafua na litakaa tupu. Mpeni madaftari ya kawaida, rundo zima, na taa ya kuchaji. Mchoraji muulizeni ni rangi gani inamwishia kwanza, basi, mnunue hiyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akaacha mtindo wenye jina lake mpaka leo. Simaanishi wachoraji waachwe na rangi za baiskeli. Namaanisha kila mmoja ana kifaa chake alichokizoea, na boksi la rangi za Ulaya lisilolingana na mkono wake litakwenda kulala na kinanda.

Nikurudie wewe, Dada Mkubwa, nina masharti matatu. La kwanza, kinanda. Mwambie kwa mdomo wako, mkiwa wawili, kwamba ana ruhusa ya kukiuza. Usiseme "kama hukitaki." Sema "kiuze, ununue unachotaka." Utamtua mzigo. La pili, siku ya Idi baada ya biriani usimwambie atupigie kidogo tumsikie, na usimrekodi ukamrusha kwenye kundi la familia. Nyuzi mpya zinanyooka kwa siku kadhaa na haziwezi kutulia, atatoka nje ya sauti mbele za watu kwa sababu yako. La tatu, ukirudi Muscat usimuulize kwa simu ametunga mangapi. Muulize nyuzi zimebaki seti ngapi.

Na kabla hujaenda dukani mpigie wifi yako leo usiku. Achukue tepu ya fundi cherehani, apime uzi kutoka pale unapoanzia juu ya shingo hadi kwenye daraja lililogundishwa usoni, kisha ahesabu nyuzi zote. Udi wa Kiarabu aghalabu una sentimita 60 hadi 62, wa Kituruki ni mfupi kidogo, unakaribia 58 na nusu, na seti zake ni tofauti. Muuzaji atakuuliza hilo kwanza, na sikukuu ikishaingia maduka yatafungwa.