Viraka vya Orodha: Kompyuta ya Debian Inapokataa Mapya

Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni mmoja katika mifumo ya jamii ya Linux, na programu zake zote hugawanywa katika vifurushi. Toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Kompyuta haiwezi kujua ni kipi kilichobadilika mpaka ipate orodha ya vyote. Na orodha hiyo ni nzito, nasi sote twajua bei ya bando.

Watengenezaji waliona ni hasara kuleta orodha nzima kwa ajili ya mistari michache iliyogeuka, wakaamua kutoa viraka. Kiraka ni maagizo tu: mstari wa 900 ufutwe, mahali pa mstari wa 412 pawekwe maneno haya. Mwanafunzi mwangalifu ataona kwamba maagizo yameanza na mstari wa chini. Ndivyo viraka hivi vilivyo hasa. Ukianza juu, ukaongeza mistari mitatu, basi uliokuwa wa 900 umekuwa wa 903, na agizo linalofuata litaangukia pasipo pake. Ukianza chini, namba za juu hazisogei.

Faida hii huonekana zaidi katika matawi ya majaribio, ambayo hubadilika mno, kuliko katika toleo lililotulia.

Lakini kiraka chataka jambo moja: orodha uliyo nayo iwe ileile, herufi kwa herufi, aliyokuwa nayo aliyekishona. Kwa hiyo kila orodha ina alama yake, mfano wa alama ya kidole, yenye tarakimu na herufi 64, nayo huandikwa katika hati yenye saini ya Debian. Viraka vikiisha kubandikwa, kompyuta huhesabu alama ya orodha mpya na kuilinganisha na ile ya hati. Zikitofautiana, kazi hukataliwa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wakiona maneno “Hash Sum mismatch” hudhani kiraka ni kibovu. Kwa kawaida kiraka kikishindwa, programu ya apt hukiacha yenyewe na kuleta orodha nzima bila kumsumbua mtu. Kosa likifika mpaka machoni pako, basi yafaa kushuku kitu kingine pia.

Kwanza soma mstari wenye “Err” mpaka mwisho. Kisha andika “date”. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau saa kila umeme ukatikapo, ikarudi miaka mingi nyuma. Ndipo hukataa hati ya leo kwa kusema kwamba bado haijaanza kutumika. Dawa yake ni kurekebisha saa na kununua betri, wala si kugusa orodha. Kisha andika “df -h”, uone kama diski imejaa, maana orodha haiwezi kuandikwa pasipo nafasi.

Vyote vikiwa sawa, jaribu kuacha viraka kwa mara moja:

sudo apt -o Acquire::PDiffs=false update

Ikifaulu, viraka ndivyo vilivyokuwa na matata. Isipofaulu, huenda kuna kompyuta ya kati, baina ya shule na intaneti, inayohifadhi nakala za jana na kukupa hati mpya pamoja na orodha ya zamani. Ongeza “-o Acquire::http::No-Cache=true” katika amri hiyohiyo, ili uombe nakala kutoka kwenye chimbuko.

Mwisho kabisa, futa orodha zilizohifadhiwa, ulete upya:

sudo rm -r /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Amri ya kwanza haifuti programu zilizowekwa wala kazi za wanafunzi. Hata hivyo iandikwe polepole, mtu wa pili akiitazama kabla ya kubonyeza, kwa kuwa nafasi moja ikiingia pasipo pake, yaweza kufutwa yasiyokusudiwa.

Kompyuta zilizolala likizo nzima hazina haja ya haya yote. Viraka vya zamani huondolewa katika seva, kwa hiyo zikiamka huleta orodha nzima. Mwalimu asishangae bando likipungua siku ya kwanza ya muhula.

Kuna njia ya mkato ambayo wengine hufundishana, nayo ni kuandika “trusted=yes” ili saini isikaguliwe. Kosa huondoka kweli, na pamoja nalo mlinzi: tangu hapo yeyote aliye njiani aweza kukupa orodha yake na vifurushi vyake, navyo vitawekwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Ukiona “NO_PUBKEY”, maana yake ni kwamba ufunguo wa kukagulia saini haupo. Funguo za Debian zimo katika kifurushi “debian-archive-keyring”. Hicho ndicho cha kuwekwa upya.